Nyumba Zinaongezeka, Bustani Inalipiwa na Nani?

Kila mwisho wa mwezi mfanyakazi wa Kenya mwenye ajira rasmi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri wake huongeza kiasi kama hicho. Fedha zote huenda kwenye mfuko wa nyumba za bei nafuu. Sheria iliyoipa tozo hiyo msingi wake wa sasa ilitiwa saini Machi 2024, na haikusema kwamba fedha hizo ni za kuta na paa tu. Inasema ni za nyumba pamoja na miundombinu ya kijamii na ya kimaumbile inayoambatana nazo. Waliobishana kuhusu tozo hii mahakamani, bungeni na ndani ya matatu walibishana kuhusu makato na kuhusu nani atakayepata nyumba. Maneno hayo ya mwisho ya sheria hayakupiganiwa sana. Nami nayashika hayo hayo, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo miji yetu imelikwepa kwa zaidi ya nusu karne: watu wakiongezeka mtaani, nani anagharamia mahali pa kukusanyika, pa watoto kucheza na pa wazee kukaa kivulini?

Nyumba ya Uswahilini, hata iwe ya vyumba vya kupanga, ina ua. Uani ndiko wanakopika, wanakoanika nguo, wanakokaa watu wa matanga, na watoto hucheza huku mama akiwatupia jicho. Ghorofani hakuna ua, lakini kazi za ua hazikufa siku familia ilipopanda ngazi. Zimetafuta pa kwenda. Watoto hucheza kwenye maegesho ya magari, maturubai ya misiba hufungwa katikati ya barabara, vijana huishia kusimama kwenye kona ya duka mpaka askari wanapopita. Ndiyo maana sikubaliani na mazoea ya kuiweka bustani kwenye fungu la mapambo, kitu cha kufikiriwa fedha zikibaki. Kwa anayeishi ghorofa ya 9, uwanja wa chini ni chumba kimojawapo cha nyumba yake, kimejengwa nje tu.

Nairobi ina mifano ya pande zote mbili, tena upande uleule wa jiji. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini, ulichorwa ukiwa na nyumba fupi zilizozunguka viwanja vya nyasi, na katikati ukawekwa ukumbi wa jamii. Waliouchora hawakusukumwa na huruma. Ni serikali ileile ya kikoloni iliyowazuia Waafrika kuishi magharibi ya jiji. Lakini waliichukulia nyumba na uwanja kuwa kazi moja, wakavijenga kwa bajeti moja. Nenda sasa Pipeline, Embakasi. Majengo ya kupangisha ya ghorofa 7, 8 na zaidi yamebanana hata jua halifiki chini. Pale kila mwenye ploti alijenga kwa fedha zake mpaka kwenye kigingi cha mwisho. Alihesabu vyumba na kodi ya kila chumba, na uwanja haulipi kodi. Faida ya uwanja inagawanyika kwa maelfu ya watu, gharama yake ingemwangukia yule mmoja ambaye angekubali kuacha ploti yake bila kujenga. Katika hali hiyo hakuna mwenye ploti atakayejitolea, na hatuna haki ya kumlaumu peke yake. Kazi hiyo ni ya serikali.

Serikali ipi sasa? Hapo ndipo mambo yanapokwama. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linaiachia serikali kuu sera ya nyumba, na linazipa kaunti mipango ya maendeleo, nyumba zenyewe, na bustani, fukwe na sehemu za burudani. Tozo ya nyumba hukusanywa na kusimamiwa kitaifa. Kwa hiyo fedha za nyumba zinashuka kutoka juu, ilhali wajibu wa bustani umekaa chini, kwenye kaunti ambayo mara nyingi haiamui ni familia ngapi zitahamia mtaani wala lini. Siku ya uzinduzi utepe unakatwa, funguo zinagawiwa, na kesho yake kaunti inarithi watoto, taka na maji machafu ya mtaa mzima bila fungu linaloandamana nao. Mjenzi wa nyumba atasema bustani si kazi yake kikatiba. Kaunti itasema haikualikwa mezani. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na uwanja hautajengwa.

Tena si kwamba fedha za bustani hazijawahi kupatikana Nairobi. Zimepatikana kwa kishindo, kisha zikakatika. Uhuru Park, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta Mei 1969, ilifungwa 2021 ili ikarabatiwe na NMS, chombo cha muda kilichokabidhiwa baadhi ya kazi za kaunti mwaka 2020. NMS ilimaliza muda wake 2022, na kwa muda mrefu baada ya hapo wananchi walikuwa bado wanapita nje ya uzio. Ng'ambo ya pili ya katikati ya jiji, kando ya Mto Nairobi, kuna bustani ya kumbukumbu ya John Michuki. Ilianzishwa alipokuwa waziri wa mazingira, baadaye ikageuka jalala, ikafufuliwa tena 2020. Bustani moja imejengwa mara mbili kwa fedha za umma ndani ya muda usiozidi miaka 15, kwa sababu baada ya mara ya kwanza hapakuwa na wa kuitunza.

Tanzania ina maneno yake kwa jambo hili: maeneo ya wazi. Mtu akisema eneo la wazi limevamiwa, kila mkazi wa Dar es Salaam anaelewa mara moja, maana ameliona kwa macho yake: leo gereji, kesho fremu za maduka, keshokutwa ukuta na geti. Jiji lile lilikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012 na 5,383,728 katika sensa ya 2022. Ni watu milioni moja zaidi katika miaka kumi, na wengi wao wamejenga au kupanga katika mitaa ambayo haikupimwa kabla ya watu kufika. Mahali ambapo nyumba zimetangulia ramani, uwanja wa umma ni ile nafasi ambayo hakuna aliyewahi kuijenga, na kila mwaka inapungua.

Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulikuwa jaribio la kweli la kugeuza mpangilio huo, nami nauheshimu kuliko wakosoaji wake wengi. Wizara ya Ardhi ilichukua mkopo Hazina, ikalipa fidia, ikapima viwanja pembezoni mwa jiji katika maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Tuangoma, ikauza, na kwa mauzo hayo ikarudisha mkopo. Ramani zilitenga sehemu za shule, zahanati, masoko na maeneo ya wazi. Ardhi ilijilipia yenyewe, jambo ambalo miji mingi ya Afrika inalitamani. Lakini huduma zilichelewa sana nyuma ya nyumba, na maeneo ya wazi mengi yalibaki kuwa rangi ya kijani kwenye karatasi. Eneo la wazi lisilo na mti, goli, benchi wala bango halina wa kulitetea. Jirani mwenye nyumba analiona pori, mwenyekiti wa mtaa anaona pa kugawa, na mwenye fedha anaona kiwanja ambacho hakijapata mtu. Fungu dogo tu la kupanda miti na kuweka magoli siku viwanja vilipouzwa lingekuwa ulinzi mkubwa kuliko barua yoyote ya halmashauri.

Jambo hili la ulinzi halihusu Dar es Salaam peke yake. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alipinga, akadhihakiwa bungeni, wafadhili wa nje wakasita, na mradi ukafa. Januari 1999 alijeruhiwa alipokwenda kupanda mti Karura, msitu ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi ili wajenge. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, ikiwemo ile ya viwanja vya michezo na bustani, ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchi nzima. Tunapozungumza leo kuhusu mamilioni ya kukarabati bustani, tunazungumzia zile zilizosalimika. Mtaa ambao uwanja wake ulinyakuliwa miaka ya 1990 hauna cha kukarabati. Ruzuku ya ukarabati inakwenda kwa wale ambao tayari wana bustani, yaani mara nyingi kwa katikati ya jiji na mitaa iliyopimwa zamani, huku watu wapya wakijazana kule ambako hakuna bustani hata moja. Nikiulizwa kasoro kubwa ya mipango ya aina hii kote duniani, nitataja hiyo kabla ya uhaba wa fedha.

Nchi nyingine zimejaribu kumfunga mjenzi. California ilipitisha mwaka 1965 sheria inayoitwa Quimby, inayoiruhusu miji kumtaka anayegawa ardhi kwa ajili ya nyumba atoe sehemu ya ardhi hiyo iwe bustani, au alipe fedha badala yake. Kipimo chake cha kawaida ni ekari 3 kwa kila watu 1,000, na kinaweza kufika ekari 5. Wajenzi walikwenda mahakamani, na mwaka 1971 mahakama ya juu ya jimbo ikaikubali sheria. Uingereza ina mikataba chini ya kifungu cha 106 cha sheria ya mipango ya 1990, ambapo halmashauri na mjenzi huandikiana nini kitajengwa pamoja na nyumba, pengine pamoja na fedha za matunzo ya miaka ijayo. Jimbo la New South Wales huko Australia huzitoza nyumba mpya mchango wa huduma za mtaa, bustani zikiwemo. Msingi wao wote ni mmoja: anayeleta wakazi wapya analeta pia sehemu ya gharama yao.

Kwetu msingi huo haukosekani katika vitabu. Sheria ya Kenya ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inaruhusu kaunti kumtoza mwombaji wa kibali ada ya maendeleo. Tanzania ina Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na kanuni za viwango vya matumizi ya ardhi. Ugumu ni kwamba desturi ya kutoa ardhi ilibuniwa kwa ajili ya shamba kubwa linalokatwa viwanja, na leo ukuaji mwingi haupo huko. Uko Kileleshwa na Kilimani, Nairobi, ambako nyumba moja ya bustani pana inabomolewa na panasimama jengo la familia 80. Uko Kariakoo na Upanga, Dar es Salaam, ambako kiwanja kilichobeba nyumba moja ya chini sasa kina ghorofa 10. Pale hakuna shamba linalogawanywa, kwa hiyo hakuna ardhi inayotolewa. Kila kibali kinaongeza watu na hakuna kibali hata kimoja kinachoongeza uwanja. Katika mitaa hiyo mchango lazima uwe wa fedha taslimu, uwekwe kwenye akaunti ya mtaa wenyewe, na wakazi waweze kusoma umeingia kiasi gani. Ukiingia kwenye kapu kuu la jiji utalipa mishahara, nasi tunalijua hilo.

Kuna njia nyingine ya kupata fedha ambayo wachumi wa ardhi huipenda. Bustani nzuri hupandisha thamani ya nyumba zinazoizunguka, na thamani hiyo ikitozwa kodi bustani inaweza kujilipia. New York ilifanya hivyo miaka ya 1850: sehemu ya gharama ya ardhi ya Central Park ilitozwa kwa wenye viwanja vya jirani. Lakini ili njia hiyo ifanye kazi, kodi lazima ifuate thamani. Tangu Julai 2021 kodi ya majengo Tanzania hukatwa kupitia LUKU, mtu anaponunua umeme: kwanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, kisha mwaka 2023 zikawa 1,500 na 7,500. Ukusanyaji umekuwa rahisi, hilo nalikubali. Ila nyumba inayotazama bustani inalipa sawa na ile inayotazama jalala, kwa hiyo halmashauri ikikarabati bustani haipati senti zaidi. Nairobi nayo ilitoza kodi ya ardhi (rates) kwa miongo kadhaa kwa kutumia daftari la thamani la mwaka 1982, huku bei za ardhi zikipaa. Jiji halikuwa na namna ya kuvuna hata kidogo ya utajiri ambao barabara zake na bustani zake zilikuwa zinawapa wenye ardhi. Daftari jipya limekuja, na hilo ni hatua. Liwe na mazoea ya kurudiwa kila baada ya miaka michache, si kungoja miaka 40.

Fedha kubwa za miji yetu kwa sasa ni za Benki ya Dunia na washirika wake, zikipitia serikali kuu. Mpango wa Kenya ulioidhinishwa 2017 uliweka dola milioni 300 kwa miji 59 katika kaunti 45, kwa sharti kwamba kila mji uwe na bodi na mpango. Tanzania ina mradi wa TACTIC kwa miji 45. Dar es Salaam ilipata mradi wake, DMDP, wa dola milioni 300, mwaka 2015. Nimefuatilia jinsi fedha za namna hii zinavyochaguliwa matumizi, na mtindo haubadiliki: barabara kwanza, mifereji, taa, stendi, masoko. Siwalaumu. Barabara ya matope inamzuia mgonjwa kufika hospitali, na soko linarudisha ushuru. Lakini bustani itakuwa ya mwisho kila mara mradi inashindanishwa ana kwa ana na barabara, na ndiyo sababu inahitaji fungu lake lisilohamishika. Tanzania imeshathibitisha kwamba hilo linawezekana. Tangu 2018 sheria inazilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Lilikuwa agizo la muda mrefu lililopuuzwa hadi likawa sheria. Asilimia moja tu ya maeneo ya wazi, kwa sheria ya aina ileile, ingebadili sura ya mitaa mingi.

Mahali ambapo bustani imeshinda bila kuomba huruma ni bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Jangwani, ndani ya bonde hilo, imeendelea kujaa maji, daraja likifungwa na mabasi ya mwendokasi yakizama kwenye karakana. Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde hilo, Uholanzi na Hispania zikiongeza, na ndani yake mna daraja jipya, kupanua njia ya mto, kuinua sehemu ya ardhi ya kando ili ijengwe kwa usalama, na bustani kubwa ya jiji kwenye sehemu ambayo maji yataachiwa yapite. Hapa bustani haikuingizwa kama starehe. Ni sehemu ya bomba. Mvua ikija inabeba maji, mvua ikiisha inabeba watu. Curitiba, Brazil, ilifanya hesabu hiyohiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970: ikatumia fedha za serikali kuu za kuzuia mafuriko kununua ardhi ya kando ya mito na kuchimba mabwawa, na mwaka 1972 ikafungua Barigui, ambayo bado ni bustani inayopendwa sana na wakazi. Fedha zilikuwa za mafuriko. Kilichopatikana ni mafuriko kudhibitiwa na bustani juu yake.

Nairobi sasa inajaribu njia hiyo baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, ambayo yalifuatwa na ubomoaji wa nyumba kandokando ya mito huko Mathare na Mukuru. Mpango wa kuufufua Mto Nairobi, uliozinduliwa Machi 2025, unachanganya mto, njia za miguu, bustani na nyumba za bei nafuu katika kapu moja. Kimsingi huo ndio muungano ninaoutetea. Hofu yangu ni mpangilio wa hatua. Waliobomolewa 2024 waliondoka kabla nyumba mpya hazijasimama, na bustani ikija kuota mahali pa kitanda cha mtu aliyefukuzwa, haijatatua tatizo la makazi, imelihamisha mtaa wa pili. Central Park yenyewe ilianza kwa kuwaondoa mwaka 1857 wakazi wa Seneca Village, kijiji cha Wamarekani Weusi wenye mali zao. Katika miji yetu bustani mpya huanza pia kwa kuwaondoa wamachinga na mama lishe, kana kwamba mtu anayeuza mihogo ya kukaanga ni uchafu. Forodhani, Unguja, inaonyesha vingine. Aga Khan Trust for Culture iliikarabati na ikafunguliwa tena 2009, na wauzaji wa vyakula vya jioni walirudi wakiwa wamewekewa utaratibu. Ukiwaondoa wale, Forodhani ingebaki nyasi na taa.

Nimeacha matunzo mpaka hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo yanayoua bustani nyingi kuliko wanyakuzi. Ruzuku za maendeleo hulipa mkandarasi, hazilipi mtunza bustani. Hata ile sheria ya California inakataza fedha zake kutumika kwa matunzo ya kila siku. Barabara zina mfuko wao: kila lita ya petroli Kenya imebeba shilingi 25 za matengenezo ya barabara tangu Julai 2024, na Tanzania ina Mfuko wa Barabara na, tangu 2017, wakala wa barabara TARURA. Bustani haina tozo wala wakala. Inategemea fungu la matumizi ya kawaida la kaunti au halmashauri, lile linalokatwa la kwanza mapato yanapopungua, na miezi 18 baada ya uzinduzi bomba la maji limekatika, taa zimeibwa na bembea imebaki mnyororo.

Karura ilipata njia. Chama cha jamii cha marafiki wa msitu kilianzishwa 2009, kikashirikiana na Huduma ya Misitu, wakajenga uzio, wakatoza kiingilio, na msitu uliokuwa ukiogopwa ukajaa familia. Mwaka 2025 ukazuka mvutano mkali kuhusu agizo kwamba viingilio hivyo vipitie akaunti ya serikali, na umma ulikasirika kwa sababu nzuri: uliiona fedha ikirudi kwenye njia na walinzi, ukaogopa ikipita Hazina haitarudi. Kigali nayo inatoza kiingilio kwenye bustani ya kinamasi ya Nyandungu, iliyofunguliwa 2022. Kwa msitu au kinamasi kinachotembelewa mwisho wa wiki naona hilo ni sawa. Kwa uwanja wa mtaa si sawa hata kidogo. Mtoto anayehitaji kucheza kila siku baada ya shule hawezi kulipa kila siku, na ndiye tuliyemjengea.

Dandora, Nairobi, inafundisha zaidi kuhusu uwanja wa mtaa. Mtaa huo ulianza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000 vikipangwa kuzunguka nyua za pamoja. Nyua zile ziligeuka majalala na vijiwe vya wahalifu. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 vijana wa Dandora Transformation League waliandaa mashindano ya kuzisafisha, ua kwa ua, wakapaka rangi, wakapanda miti, wakaweka geti na zamu za ulinzi, na baadhi wakatoza maegesho ya magari kulipia kazi. Fedha zilikuwa kidogo sana. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu mchoro wa miaka ya 1970 uliacha ardhi, na ardhi ile haikuwa imeliwa yote. Vijana wa Pipeline wana bidii ileile na hawana ua wa kusafisha.

Tufanye hesabu ndogo kuhusu nyumba za bei nafuu. Chukua mtaa wa nyumba 1,000, kila moja igharimu shilingi milioni 3 za Kenya kujengwa: jumla bilioni 3. Asilimia 2 yake ni milioni 60. Mama Ngina, ufukwe wa Mombasa uliofunguliwa upya Oktoba 2019, uligharimu takriban milioni 460 kwa ekari 26, yaani karibu milioni 18 kwa ekari, tena ukiwa na ukumbi wa wazi na majengo yake. Kwa kiwango hicho cha fahari, milioni 60 zinaleta ekari 3 na ushee. Kwa kiwango cha kawaida, nyasi, miti, magoli, mabenchi, choo na bomba, zinaleta zaidi. Wakazi wa nyumba 1,000 ni kama watu 3,000, na kwa kipimo cha California wangehitaji ekari 9. Hatufiki huko, lakini hata nusu ya hapo ni mbali mno na tulipo, na fedha zake hazionekani kabisa ndani ya bilioni 3. Kwa hiyo hoja ya kwamba bustani itaifanya nyumba isiwe ya bei nafuu haisimami.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni geti. Mitaa mipya hujengwa na ukuta, na wakazi huchangishwa ada ya huduma kila mwezi. Uwanja ukiwa ndani ya ukuta, ada hiyo itautunza, na hilo linaonekana kama suluhisho la matunzo. Lakini tozo ilikatwa kwa kila mwenye ajira rasmi, na wengi wao hawatapata nyumba pale kamwe. Mtoto wa kibanda cha nje ya ukuta, ambaye mzazi wake alikatwa asilimia 1.5 sawa na wengine, atautazama uwanja kupitia nondo. Maneno yale ya sheria kuhusu miundombinu inayoambatana yameshatumiwa kujenga masoko, na soko halijengwi ndani ya geti, yeyote huingia. Bustani ipewe hadhi ileile. Iwe upande wa nje wa ukuta, kwenye mpaka kati ya mtaa mpya na wa zamani, ardhi yake isajiliwe kwa jina la kaunti kama ardhi ya umma kabla ya familia ya kwanza kukabidhiwa ufunguo, na sehemu ya tozo ipelekwe kaunti kila mwaka kwa ajili ya mtunza bustani na bili ya maji. Bodi inayosimamia mfuko wa nyumba za bei nafuu ina uwezo wa kuweka masharti hayo kwenye zabuni ijayo, bila kusubiri sheria mpya wala mfadhili. Wananchi wa mtaa wowote unaotangaziwa nyumba mpya wana haki ya kuomba waonyeshwe ramani na hati ya kiwanja cha bustani kwenye kikao cha kwanza cha kutoa maoni.